Kazi ya Fundi wa Stima Kiwandani

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiomba nilete makala kuhusu kazi yangu, aliniwekea sharti moja tu. Alisema, "Usije ukatuhubiria juu ya bidii, hayo tunayasikia kila Ijumaa kwenye gwaride. Tueleze kazi yenyewe." Nami, kama mwanachama wa zamani anayemheshimu mwalimu wake, nimetii.

Kwanza niondoe utata. Watu wakisikia "fundi wa stima" humfikiria yule anayepanda mlingoti kuunganisha nyaya, ama yule wa mtaani anayetengeneza redio na pasi. Mimi si mmoja wao. Mimi hutunza mitambo ya umeme katika kiwanda cha kusaga unga wa mahindi, Eneo la Viwanda, Nairobi. Kiwanda husaga mchana na usiku, na kila kitu ndani yake husukumwa na stima, tangu mahindi yanapomwagwa kutoka kwenye lori hadi pakiti ya kilo 2 inapofungwa. Mashine ikisimama, opareta hupaza sauti: "Fundi! Fundi!" Wengi wao hata jina langu hawalijui. Wageni nao wakimkuta dada ndani ya ovaroli iliyomzidi kipimo huuliza, "Na fundi yuko wapi?" Nimezoea.

Stima hutufikia ikiwa na volti 11,000, kisha transfoma yetu huipunguza hadi volti 415. Nyumbani kwenu mnatumia 240. Msidhani kwamba hizo ni stima za aina mbili, la hasha! Kutoka kwenye transfoma hutoka nyaya tatu zenye moto, ambazo sisi huziita fezi, pamoja na ya nne iitwayo nyutro. Ukipima kati ya fezi na fezi utapata 415. Ukipima kati ya fezi na nyutro utapata 240, na hiyo ndiyo mnayopewa majumbani. Wale wanaopenda hesabu wagawanye 415 kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73, waone jibu.

Kwa nini fezi tatu? Kwa sababu hazipandi na kushuka kwa pamoja. Zinapokezana, mithili ya watu watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Zikipitishwa katika nyaya zilizozungushiwa ndani ya mota, huzaa nguvu ya sumaku inayozunguka yenyewe, na chuma kilicho katikati hakina budi kuifuata. Nikola Tesla alipata hataza za mota ya namna hii nchini Marekani mwaka 1888, na mpaka leo mota nyingi za viwandani ni za ukoo huo. Ndani yake hakuna brashi za kulika. Ndiyo maana inaweza kuzunguka miaka mingi bila kulalamika, ikiwa tu itapata stima safi, hewa ya kuipooza na beringi zenye grisi.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa fizikia akielewe, nacho ni kontakta. Mota kubwa haiwashwi kwa swichi kama ile ya taa ya bwenini. Ukibonyeza kidude cha kijani, stima kidogo hupita katika koili, koili hugeuka sumaku, sumaku huvuta kipande cha chuma, na kipande hicho hufunga njia tatu za fezi. Mota ikaanza kuzunguka. Lakini ukiondoa kidole, mbona haisimami? Kwa sababu kipande kile kile kimefunga pia njia ya nne, ndogo, inayoipelekea koili stima yake. Kontakta inajishikilia yenyewe! Ukibonyeza kidude chekundu unaikata njia hiyo ndogo, sumaku inakufa, na kila kitu kinaachilia.

Huenda mtu akaona hizo ni mbwembwe za wahandisi. Hebu akumbuke tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na stima ikapotea nchini. Stima ikipotea hivyo, watu viwandani hufanya nini? Hujikuta wamesimama gizani kando ya mashine zilizonyamaza, na wengine huanza kuondoa mahindi yaliyokwama kwa mikono. Fikirieni basi stima irudi ghafla, na roli za kusagia zianze kuzunguka zenyewe. Kwa kontakta hilo halitokei. Stima ilipopotea sumaku iliachilia, na njia ile ndogo ikakatika. Stima inaweza kurudi saa yoyote, lakini mota hailii mpaka mtu aje aibonyeze tena. Tena mota inapoanza huvuta stima mara 6 hivi kuliko inapozunguka kwa kawaida, kwa hiyo zote zikianza kwa mpigo mmoja swichi kuu ingekatika papo hapo. Sisi huziwasha moja moja, tukianzia mwisho wa mstari kurudi mwanzo, ili mahindi yasifike penye mashine iliyolala.

Hayo ndiyo mambo yanayoeleweka vitabuni. Kazi yangu hasa huanza pale mashine inapokataa na hakuna anayejua kwa nini.

Nitoe mfano. Tunayo mashine ya kupandisha mahindi hadi orofa ya juu. Ni mkanda mrefu uliofungwa ndoo ndogo ndogo, unaosukumwa na mota ya kilowati 7.5. Bati la mota linasema isivute zaidi ya ampia 14.5. Chini ya kontakta kuna relei ya ulinzi, ambayo sisi huiita ovalodi. Mota ikivuta kuliko kipimo kwa muda fulani, ovalodi hupata joto na kuikata. Asubuhi moja nilipoingia kazini niliambiwa mashine ile "ilisumbua" usiku kucha. Ilikuwa ikikatika kila baada ya dakika chache, wakairudisha, ikakatika, wakairudisha. Kisha "ikapona kidogo", ikawa inakatika kila baada ya saa moja hivi.

Ikapona kidogo! Nilipofungua paneli niliona dawa waliyoipa. Kidude cha kurekebishia ovalodi kilikuwa kimezungushwa kutoka 14.5 hadi 16.5. Opareta wa asubuhi aliniambia, "Fundi, hebu rudisha tu. Malori yako nje, fomeni atatumaliza."

Wasomaji, hapo ndipo fundi hujulikana. Kurudisha ovalodi ni kazi ya sekunde moja, na mtu yeyote mwenye kidole anaweza kuifanya. Swali ni hili: ovalodi imeona nini? Nilichukua mita ya kubana waya, ile yenye taya, inayopima ampia bila kugusa shaba. Nikabana fezi ya kwanza: 20. Ya pili: 20. Ya tatu: 19.8. Namba hizo tatu zilinieleza mengi. Kama fezi moja ingekuwa sufuri na mbili zimepanda, ningerudi nyuma upande wa stima, nitafute fyuzi iliyoungua au skrubu iliyolegea. Lakini zote tatu zilikuwa zimepanda sawasawa. Stima ilikuwa safi. Mota ilikuwa inasukuma kitu kizito kuliko desturi, kwa hiyo kosa lilikuwa mbele, upande wa chuma na mkanda.

Nikamwita makanika. Kama mnavyojua, au pengine hamjui, fundi wa stima na makanika ni watani wa jadi katika kila kiwanda. Mashine ikisimama, yeye husema "ni stima" na mimi husema "ni makanika". Siku hiyo nilimwonyesha mita. Akashuka chini penye beringi ya pulii, akaweka mkono karibu, akaurudisha upesi. Beringi ilikuwa moto, imekauka grisi, imejaa vumbi la mahindi lililogandamana likawa kama ugali uliolala sufuriani.

Waliozungusha kidude usiku waliongeza ampia mbili tu. Mbili tu! Lakini joto katika waya haliongezeki kwa kadiri ya ampia. Huongezeka kwa ampia zikizidishwa kwa zenyewe. Gawanya 20 kwa 14.5 utapata kama 1.38. Zidisha 1.38 kwa 1.38 utapata 1.9. Maana yake ni kuwa nyaya za mota zilikuwa zikipata joto karibu maradufu ya lile zilizoundiwa, na kinachozitenganisha ni rangi nyembamba ya vanishi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 za joto zinazozidi hukata umri wa kizuizi hicho kwa nusu.

Na mota si hoja kubwa, mota hununuliwa. Hoja ni vumbi. Unga uliotanda hewani ni fueli. Kinu cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka tarehe 2 Mei 1878 kwa sababu ya vumbi la unga, na watu 18 wakafa. Mtasema hayo ni ya kale. Basi tarehe 7 Februari 2008 kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, jimbo la Georgia, kililipuka kwa vumbi la sukari na watu 14 wakapoteza maisha. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema kuwa, kwa uwezekano mkubwa, kilichowasha vumbi lile ni beringi iliyopata joto ndani ya mashine ya mkanda iliyofunikwa. Beringi! Ndiyo maana siku ile nilikataa kuirudisha ovalodi, na malori yakangoja.

Kabla makanika hajaifungua beringi hiyo, nilikuwa na jukumu moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote: kuhakikisha mashine haiwezi kuamka. Haitoshi kubonyeza kidude chekundu. Mimi huzima swichi kuu ya mashine yenyewe, nikaitia kufuli nyekundu yangu. Makanika naye hutia yake papo hapo. Kila kufuli ina kibandiko chenye jina la mwenyewe, na ufunguo ni mmoja, unaokaa mfukoni mwa mwenyewe. Kisha nachukua testa. Naipima kwanza mahali ninapojua pana moto, nione kama iko hai. Halafu napima penye swichi niliyozima: fezi kwa fezi, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa athi. Kisha narudi tena mahali penye moto, niipime testa kwa mara ya pili. Vijana wanaokuja kujifunza hucheka, "Kwani testa inaweza kufa katikati ya dakika mbili?" Inaweza. Testa iliyokufa na waya uliokufa huonyesha kitu kimoja, na kosa la namna hiyo mtu halifanyi mara mbili. Milliampia 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuvuruga moyo, na balbu ndogo ya wati 9 huvuta kiasi hicho au zaidi.

Mashine zenye draivu, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, zina hila yao. Ndani mna kapasita zilizojazwa karibu volti 590 za mkondo wa moja kwa moja. Ukizima swichi, zenyewe hubaki zimejaa. Hapo unasoma maandishi yaliyobandikwa kwenye kifaa, unangoja dakika zilizoandikwa, kisha unapima. Hakuna njia ya mkato.

Jambo hili la kufuli nilifundishwa nikiwa mwanagenzi katika kiwanda kingine, ambacho sitakitaja. Siku hiyo shifti ilikuwa imebadilika saa moja jioni, na kufuli moja ilikuwa bado inaning'inia kwenye swichi ya pipa kubwa la kuchanganyia. Jina lilikuwa limefutika kwa mafuta. Msimamizi wa shifti mpya alikuwa na haraka. "Mwenyewe alienda nyumbani akasahau," alisema. "Leteni msumeno, tukate." Fundi wetu mkuu, mzee wa watu, hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Bwana, ngoja nikaangalie kitabu." Akatembea pole pole hadi getini, akafungua kitabu cha kuingia na kutoka. Kulikuwa na jina moja ambalo halikutiwa sahihi ya kutoka. Tulirudi, Mzee akapanda ngazi, akamulika ndani ya pipa kwa tochi. Kijana wa usafi alikuwa chini, amevaa vizibo vya masikio, anakwangua kando ya mapanga ya kuchanganyia, hana habari kwamba shifti yake imekwisha.

Msumeno ulirudishwa stoo. Yule msimamizi hakusema neno usiku ule. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inamkataza mwenye kiwanda kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lakini jioni ile sheria haikuwapo pale. Aliyekuwapo ni Mzee.

Hatari nyingine imo katika rangi. Katika majengo ya zamani, fezi tatu ni nyekundu, manjano na buluu; nyutro ni nyeusi; athi ni kijani. Uingereza, ambako desturi zetu nyingi za umeme zilitoka, ilianza kubadilisha rangi mwaka 2004. Katika mpango mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Hebu someni tena polepole. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro! Kiwanda cha umri mkubwa huwa na zote mbili, nyaya za kale ukutani na mashine mpya sakafuni, na mara nyingine zinakutana ndani ya paneli moja. Kwa hiyo mimi siamini rangi. Naamini testa, tena baada ya kuipima.

Kazi nyingine si za kutisha. Kila wiki huzunguka nikikaza skrubu za paneli, kwa maana skrubu iliyolegea huzaa joto na joto huilegeza zaidi. Hupuliza vumbi, husikiliza mota kwa sikio. Mota ya fezi mbili hunguruma kama nyuki waliochokozwa, huwezi kuisahau. Mijusi nayo ni adui zetu wakubwa. Hupenda joto la paneli, hupenyeza kila tundu, na mmoja akilala juu ya fezi mbili husimamisha mstari mzima. Tumeziba matundu yote, na bado wanaingia. Sijui wanapitia wapi.

Upande wa kufunga pakiti mambo ni ya kompyuta. Kuna jicho la umeme linalotafuta alama nyeusi kwenye karatasi ya pakiti ili kisu kikate mahali panapofaa. Siku moja pakiti zikaanza kukatwa katikati ya maandishi. Watu wakadai programu imeharibika, aitwe mtaalamu. Lilikuwa vumbi la unga juu ya jicho. Kitambaa kikavu kiliimaliza kazi. Mimi huanza na kitambaa kila mara kabla ya kugusa kompyuta.

Wanaouliza njia ya kufikia kazi hii ni wengi, nitawajibu kwa ufupi. Kuna kozi za umeme katika vyuo vya ufundi, za ngazi ya atizani, krafti na diploma. NITA nayo hupima ujuzi wa fundi kwa gredi ya III, II na I, hata kama alijifunzia kazini. Anayetaka kufunga nyaya katika majengo ya watu sharti apate leseni ya EPRA, ambayo kabla ya Sheria ya Kawi ya 2019 ilikuwa ikiitwa ERC. Shifti ya usiku huchosha, nayo Krismasi mara nyingi hunikuta kiwandani, kwa sababu hiyo ndiyo siku mashine zinaposimama na sisi kupata nafasi ya kuzifungua.

Walimu wangu wa Kiswahili watafurahi kusikia kwamba insha zao sikuzitupa. Kila shifti huandika kitabu cha makabidhiano, na fundi anayeingia huanza kazi kwa kukisoma. Usiku ule wa beringi, shifti iliyotangulia iliandika maneno matatu: "Elevata inasumbua kidogo." Haikusema inakatika baada ya muda gani, haikusema ampia ngapi, wala haikutaja kidude kilichozungushwa. Laiti wangeandika mstari mmoja zaidi, makanika angeitwa usiku ule ule. Jioni yake niliandika hivi: "Elevata ya mahindi. Beringi ya chini ilikauka, imewekwa mpya saa 5 asubuhi. Ampia sasa 12 fezi zote. Ovalodi ilikuwa imepandishwa 16.5, nimeirudisha 14.5. Ikikatika, msiirudishe. Niiteni, hata kama ni saa nane usiku."